Kuhami dohani ya meko mpya katika nyumba ya Nyanda za Juu: mwongozo kamili

Ukipita Makete alfajiri ya mwezi wa saba utakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu. Ukibisha hodi kwenye baadhi ya nyumba, utakuta jiko la mkaa limeingizwa chumbani na mlango umefungwa. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala hivyo na hawakuamka. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na haimwamshi mtu. Ndiyo maana nikimwona mtu wa Njombe, Mafinga au Uyole anajenga nyumba mpya na kuweka meko ya ukutani yenye dohani, nafurahi. Kisha namuuliza: ndani ya kasha umeweka nini?

Kasha ni kile kiboksi cha tofali au mbao kinachoanzia juu ya meko, kinapenya dari, kinapita katikati ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na kutokeza juu ya bati. Bomba la moshi limo ndani yake. Wengi wanalichukulia kama pambo la kuficha bomba, wakalijaza chochote kilicho karibu.

Niliwahi kuitwa Mafinga kwenye nyumba ambayo kila wakiwasha moto, baada ya saa moja sebule inanuka kama kahawa inayokaangwa. Nilipanda darini nikatoa tofali tatu za kasha. Ndani kulikuwa na maranda, yale ya mashine za mbao, yameshindiliwa hadi juu. Mji ule umezungukwa na misindano na viwanda vya kupasua mbao, maranda ni bure, na fundi aliyetangulia aliona chochote chepesi kinafaa kuzuia joto. Papi moja, ile mbao nyembamba inayopigiliwa bati, ilikuwa imeegemea kasha. Niliikwaruza kwa ukucha ikamomonyoka kama mkaa, na haikuwa imewahi kushika moto wa kuonekana hata siku moja. Mzee mwenye nyumba akaniambia, "Lakini fundi, si palikuwa na nafasi tupu tu?"

Nafasi tupu ndiyo inayoniumiza kichwa kwenye kazi hii. Kuna nafasi ya kujazwa na kuna nafasi ya kuachwa wazi. Anayezichanganya anaunguza nyumba.

Joto libaki wapi, lisifike wapi

Kuhami dohani ni kazi mbili zinazofanywa na kitu kimoja.

Ya kwanza ni kuufanya moshi ubaki na joto mpaka utoke juu. Moshi wa moto ndio mwepesi, ndio unaopanda na kuvuta mwingine nyuma yake. Ukipoa njiani hadi kama nyuzi 120 za Selsiasi, ule mvuke na utomvu uliomo unaganda kwenye kuta za bomba na kuwa lami nyeusi inayong'aa. Lami hiyo inawaka. Siku ikishika moto, ndani ya bomba joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na dohani inaunguruma kama lori linapanda mlima.

Ya pili ni kuzuia joto lisifikie mbao. Mbao mpya huhitaji nyuzi 250 hadi 300 hivi ili iwake. Lakini mbao inayookwa miezi na miaka kwa joto la kama nyuzi 100 hubadilika taratibu, inakauka, inageuka kahawia, na kiwango chake cha kuwaka kinashuka. Papi ya Mafinga ilikuwa njiani huko.

Huku juu tuna jambo letu jingine. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo dohani inavuta kwa nguvu ndogo kuliko inavyosema michoro ya watu wa pwani. Iongezee urefu kidogo, na usiiache ipoe.

Kabla ya tofali la kwanza

Kama ramani bado haijafungwa, weka dohani ndani ya nyumba, kwenye ukuta unaotenganisha sebule na chumba, si kwenye ukuta wa nje. Dohani ya nje inapigwa na upepo na ukungu pande tatu. Ya ndani inapata joto la nyumba, na joto linalovuja kwake linabaki kwako.

Msingi uwe wake peke yake. Kasha la tofali la sentimita 62 kwa 62 lenye urefu wa mita 5 ni kama tani 2 kabla hujahesabu meko yenyewe. Ukiliweka juu ya jamvi la sakafu tu, litazama na ufa utaanzia pale linapogusana na ukuta.

Sasa ukubwa wa bomba, maana hapa ndipo meko nyingi zinapogeuka kuwa mashine za kukaushia nyama. Kwa meko ya wazi, eneo la bomba la duara liwe angalau moja ya kumi ya eneo la mdomo wa meko. Bomba la mraba liwe moja ya nane, kwa sababu pembe hazivuti vizuri. Mdomo wa sentimita 75 kwa 60 ni sentimita za mraba 4,500, kwa hiyo unahitaji 450, yaani bomba la kipenyo cha sentimita 24. Lile bomba la inchi 6 ambalo kila duka linalo lina eneo la 182 tu. Linafaa kwa jiko la chuma lenye mlango. Kwa meko ya wazi litakurudishia moshi usoni. Na kama dohani yako yote haifiki mita 4.5, ongeza upana tena au punguza mdomo wa meko.

Cha kuweka na cha kukataa

Waliojaliwa ni wa Mbeya na Rungwe. Volkano ya Ngozi na ya Rungwe zilimwaga huku mawe ya pumisi, yale mepesi yenye vitundu yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo ya maji. Mlipuko mkubwa wa Rungwe wa miaka 4,000 hivi iliyopita ulitapakaza tabaka zima la mawe hayo. Vile vitundu ni hewa iliyofungwa ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe limeshatoka kwenye moto mkali kuliko wako. Ulaya wanatengeneza vitalu vya dohani kwa pumisi ya Iceland na kuviuza ghali. Wewe unaweza kuipata kwa bei ya usafiri.

Chekecha uondoe vumbi, baki na chembe za ukubwa wa harage hadi karanga kubwa.

Ukiwa Iringa au Njombe na usafiri wa pumisi unakuumiza, tafuta sufi ya mwamba, ile iliyotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, ambayo inahimili nyuzi 1,000. Usiichanganye na sufi ya kioo, ile laini ya njano au ya waridi inayowekwa juu ya dari. Gundi yake inaungua mapema na yenyewe inalegea kwenye nyuzi 600 hivi. Inafaa kwenye dari, mbali na bomba.

Cha kukataa bila mjadala: maranda, unga wa mbao, pumba za mpunga, sponji, na yale maboksi meupe ya kufungashia televisheni, ambayo huanza kulegea kabla ya maji kuchemka. Vipande vya bati la zamani la asbesto pia visiguswe. Haviungui, kweli, lakini ukivikata vumbi lake linaingia mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye.

Bomba lenyewe: la chuma kisichoshika kutu ni bora. La chuma cha kawaida cha milimita 3 kutoka kwa fundi wa kuchomelea linatumika, ila likipewa kuni mbichi litaliwa na tindikali ya lami. La kupakwa zinki usilitumie kwa moshi. Zinki inaharibika kwenye joto linalopita nyuzi 200, na ikipata moto mkali inatoa mvuke wenye sumu.

Kupandisha kasha

Nieleze la tofali za kuchoma, maana ndilo wengi wanalojenga. Nachukulia bomba la sentimita 24, nafasi ya ndani ya kasha sentimita 40 kwa 40, na ukuta wa tofali moja wa sentimita 11 hivi. Hapo bomba linabaki na sentimita 8 za kihami pande zote, na zaidi kwenye pembe.

Simamisha pande la kwanza la bomba juu ya sahani nene ya chuma iliyofungwa juu ya chumba cha moshi cha meko. Uzito wote ubebwe hapo chini. Pima kwa timazi, si kwa jicho. Mapande yanapounganishwa, mdomo mwembamba wa pande la juu uingie ndani ya pande la chini. Mafundi wengi wanafanya kinyume wakifikiria mvua, kumbe adui wa hapa ni lami. Ikitiririka ndani ya bomba itarudi motoni na kuungua, ikipata upenyo wa kutoka nje ya maungio itaingia kwenye kihami na kukaa humo.

Lizungushie bomba maboksi ya karatasi, tabaka mbili, ufunge kwa kamba ya katani. Nimeulizwa mara nyingi kama nimechanganyikiwa, karatasi ndani ya dohani! Maboksi hayo yataungua polepole kwenye mioto midogo ya mwanzo na kuacha upenyo wa milimita chache. Chuma kinahitaji upenyo huo. Bomba la mita 5 likipanda joto kwa nyuzi 300 linarefuka karibu sentimita 2. Likishikwa na zege litapasua kitu, na kitakachopasuka ni kasha lako. Mwenye sufi ya mwamba azungushe sufi ya sentimita 2.5 badala ya maboksi, aifunge kwa waya wa kuku, na juu yake foili ili isilowe wakati wa kumwaga.

Mchanganyiko ni karai moja la saruji kwa makarai nane ya pumisi. Lowesha pumisi kwanza, jioni ya kuamkia kazi, la sivyo itanyonya maji yote ya saruji na utabaki na kokoto zilizopakwa vumbi. Maji ya kuchanganyia yawe machache. Chota konzi moja, ukamue: ikishikamana bila kutiririsha maji, imefika. Ikitiririsha, umetengeneza uji, na uji ukikauka unakuwa mzito na joto linapita. Usitie mchanga. Kuna fundi atakwambia bila mchanga haishiki. Mwambie hatujengi daraja.

Kwa kasha la mita 4 la vipimo hivi unahitaji kama lita 460, yaani ndoo 23 za lita 20, na mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inatosha.

Jenga kozi tano (mistari mitano) za tofali, subiri chokaa ishike, mwaga pumisi kuzunguka bomba, gonga kwa kijiti taratibu, kisha pandisha kozi nyingine tano. Usijenge kasha lote ndipo umwage kutoka juu. Pumisi itanasa njiani, itaacha mapengo ambayo hutayaona, na bomba litasukumwa upande mmoja. Viungo vya tofali vijae kabisa, ndani na nje. Chini kabisa acha kimlango cha chuma cha kufikia chumba cha moshi, utakishukuru siku ya kusafisha.

Kwenye dari na kenchi

Punguza mwendo hapa, hata kama mvua inakuja na bati halijapigwa.

Kati ya uso wa nje wa tofali za kasha na mbao yoyote, iwe kenchi, papi, fremu ya dari au ubao wa pembeni, acha sentimita 5 za hewa. Pande zote nne. Hii ndiyo nafasi ya kubaki tupu. Haijazwi pumisi, haijazwi sufi, haipigwi lipu. Hewa inayopita hapo inabeba joto dogo lililovuka tofali na kuliondoa. Ukiijaza, hata kwa kitu kisichoungua, joto linakosa pa kwenda na linahamia kwenye mbao.

Kama kenchi inaangukia njia ya dohani, usiichonge ili ipite kwa kubanana. Ikate, kisha uibebe kwa mbao mbili za mlalo zilizofungwa kwenye kenchi jirani, kama fremu ya dirisha. Mwambie fundi paa mapema, kwa sababu akishamaliza atakwambia haiwezekani.

Upenyo huo ukiachwa wazi kwenye usawa wa dari, utakuwa dohani ya pili. Siku ya moto utanyonya miali hadi kwenye paa. Ufunge kwa bati la geji 26: kata vipande vya pembe, pigilia upande mmoja kwenye mbao za dari kutoka chini, upande wa pili uguse tofali bila kubana. Silingi bodi ya jipsamu iishie kwenye bati hilo. Kama umeweka sufi ya kioo juu ya dari, izuie isiporomokee kwenye upenyo kwa kusimamisha ukingo wa bati wa sentimita 15 kuzunguka kasha.

Kisha ingiza mkono. Kweli, ingiza mkono wako uzunguke kasha lote, au kipande cha mbao cha sentimita 5 kama mkono haupiti. Mara nyingi nimekuta msumari, kipande cha ubao kilichosahaulika, au tope la saruji limeganda na kuunganisha tofali na papi. Vitoe vyote.

Juu ya bati

Dohani itokeze angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa mlalo, yaani mgongo wa paa, tangi la maji, hata ukuta wa jirani. Ikiwa fupi, upepo unaoshuka kutoka mgongoni mwa paa unausukuma moshi urudi.

Funika kasha kwa kofia ya zege lenye nondo nyembamba, itokeze sentimita 5 nje ya tofali, na upande wa chini wa ukingo uchonge mfereji mdogo ili matone yadondoke yasirudi ukutani. Bomba lipite kwenye kofia kwa tundu pana kidogo, likafunikwe kwa kola ya bati iliyofungwa kwenye bomba lenyewe. Hivyo linapanda na kushuka kwa joto na mvua haiingii. Tukuyu inapokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na pumisi iliyolowa haihami tena kitu.

Flashingi, yaani bati la kuziba pale paa linapokutana na kasha, ipande kwenye kasha na kuingizwa ndani ya kiungo cha tofali. Silikoni peke yake ni ahadi ya msimu mmoja. Mdomoni weka kofia yenye wavu wa tundu za milimita 12 hivi wa kuzuia cheche. Kama nyumba au banda la jirani ni la nyasi, wavu huo ni lazima.

Ukinunua bomba la kuta mbili

Wapo wanaoagiza meko ya chuma ya kiwandani na bomba lake la kuta mbili, kisha kasha wanajenga la mbao. Hapa kanuni inageuka: usilifunge bomba kwa kihami chochote. Fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi sentimita 5 hadi kwenye mbao, na uuache wazi juu hadi chini. Kinachohamiwa ni kuta za kasha, kwa sufi ya mwamba upande wa ndani, kisha inafunikwa kwa ubao wa jipsamu au wa saruji ili isije ikaporomokea bombani. Funga kila usawa wa dari kwa bati kama nilivyoeleza. Bomba la ukuta mmoja usilipitishe kabisa kwenye kasha la mbao wala kwenye dari, maana lenyewe linahitaji sentimita 45 kutoka kwenye chochote kinachoungua.

Moshi kwanza, moto baadaye

Kabla bodi ya mwisho ya dari haijafungwa, fanya jaribio la moshi. Washa magazeti na nyasi mbichi kidogo kwenye meko, moshi ukishaanza kupanda mwenzako aliye juu afunike mdomo wa dohani kwa gunia lililolowa. Wewe ukiwa darini na tochi, angalia tofali. Moshi ukichungulia kwenye kiungo, weka alama ya chaki na uzibe. Dakika tano zinatosha, kisha fungueni madirisha.

Acha kasha likauke wiki nne. Najua baridi haisubiri, lakini maji yaliyonaswa kwenye pumisi yakichemka ghafla yanapasua kasha. Siku ya kwanza washa vijiti tu kwa nusu saa. Ya pili saa moja. Endelea hivyo kwa wiki, ukiongeza gogo moja moja. Harufu ya karatasi inayoungua itakuwepo siku mbili tatu, ni yale maboksi.

Siku ya moto kamili, baada ya saa mbili, panda darini uweke kiganja kwenye mbao iliyo karibu kabisa na kasha. Iwe na uvuguvugu wa kawaida. Ikikufanya uondoe mkono, zima moto na utafute ilipogusana.

Kuni ziwe kavu. Miwati ya Njombe inawaka vizuri sana ikipasuliwa na kukaa chini ya paa tangu kipupwe kilichopita, na mlingoti vilevile. Ukigonga vipande viwili vilie kama mbao, si kama ndizi. Usizibe tundu la moshi kungali na makaa, na acha tundu la kuingiza hewa kutoka nje karibu na meko, bomba la inchi 4 linatosha, kwa sababu nyumba za siku hizi zimezibwa madirisha kwa alumini.

Mwezi wa tano, kabla baridi haijaingia, fungua kile kimlango cha chini, pitisha tochi na kioo kidogo, utazame juu. Lami ikifika unene wa milimita 3, tia brashi ya waya kutoka juu. Shuka na ndoo ya masizi, ukamwage mbali na nguo zilizoanikwa.